Ripita inasikika Himo lakini yenyewe haisikii: kabla hujaongeza mnara soma hapa

Swali limetoka kwa kijana wa Moshi, linahusu ripita, yani mashine ya redio inayopokea sauti ya redio ya mkononi (hendiseti) na kuirusha upya ifike mbali, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nasimamia mawasiliano kwenye kampuni ya ulinzi hapa Moshi mjini. Tumefunga ripita ya VHF ya wati 50, mnara mita 36 nyuma ya ofisi, waya wa antena ni RG-58 kama mita 40 hivi. Walinzi wana hendiseti za wati 5. Mlinzi wa Himo anaisikia ripita safi kabisa, ila yeye akiita inafungua inakata inafungua inakata, hatuambulii kitu. Mjini hamna shida. Masafa tuliyopewa na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) hayakuwa yale yaliyokuja na mashine kwahiyo fundi akayabadilisha kwa kompyuta. Mita ya SWR (inayoonyesha nguvu inayokataliwa na antena na kurudi, 1 ndio safi kabisa) inasoma 1.4, fundi anasema antena iko poa, dawa ni kuongeza mnara ufike mita 50 au tununue ripita ya wati 100. Bosi yuko tayari kutoa hela, nimwambie atoe kwa kipi?"

Marahaba kijana wangu. Mwambie bosi hela aishike kwanza, hata kimoja kati ya hivyo viwili asinunue. Na nashukuru umeandika swali vizuri maana wengi wananiandikia "ripita haifiki mbali nisaidie" basi, wewe umenipa vitu vitatu ambavyo vinatosha kabisa kuonyesha ugonjwa ulipo: RG-58 mita 40, masafa yaliyobadilishwa kwa kompyuta, na hiyo inafungua inakata.

Tuanze na kitu ambacho mafundi wengi wa huku Moshi na Arusha wanakipita juu juu. Ripita ina safari mbili, kuna ya kwenda kwa mlinzi na kuna ya kurudi kutoka kwa mlinzi, na hizo safari hazifanani. Kwenda unasukuma na wati 50, kurudi mlinzi anasukuma na wati 5, hapo tu tayari kurudi ni dhaifu mara kumi, yani desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu, 3 ni mara mbili, 10 ni mara kumi), hata kama kila kitu kimefungwa vizuri. Sasa mlinzi wako wa Himo anaisikia ripita safi, maana yake safari ya kwenda haina tatizo. Inayokufa ni ya kurudi. Ukinunua mashine ya wati 100 unaongeza desibeli 3 kwenye safari ambayo haikuwa na shida, ile yenye shida unaiongezea sifuri, na kama ninachokihisi kwenye dupleksa (kichujio kinachowezesha antena moja kurusha na kupokea pamoja) ni kweli basi utaifanya iwe mbaya zaidi, ntaeleza mbele.

Mnara nao. Kwa nchi tambarare mnara wa mita 36 na mtu aliyeshika hendiseti unapata upeo wa karibu kilomita 30 kwa VHF, Himo iko ndani ya hapo. Ukipandisha mpaka mita 50 unafika kama kilomita 34, na kwa mtu aliye palepale Himo faida yake ni kama desibeli 3. Sio mbaya, ila hesabu na upande wa pili: RG-58 kwenye masafa ya megahezi 150 inakula karibu desibeli 20 kwa kila mita 100, kwahiyo zile mita 14 za ziada za waya zitakula karibu desibeli 2.8. Umejenga, umelipa mafundi wa kuchomelea, umenunua nyaya za kukazia, faida yote imeliwa na waya. Nimeona mnara umeongezwa kwa staili hiyo na mwenye nyumba bado anajiuliza mbona hali ileile.

Kwahiyo waya. RG-58 ni ule mwembamba kama kalamu, ni waya wa kuunganishia redio ndani ya gari au kipande kifupi cha mezani, wa mnara sio huo jamani. Mita 40 zinakula desibeli 8. Tuifuate hela yako: redio inatoa wati 50, dupleksa nzima kabisa itakula desibeli moja na kitu kwahiyo zinatoka kama wati 37 (hiyo ni kawaida, usimgombeze mtu), halafu waya unakula, kule juu kwenye antena zinafika kama wati 6. Ndio, sita. Mmenunua ripita ya wati 50 mnarusha kama wati 6, nyingine zinapasha joto waya tu. Na sauti ya mlinzi ikifika kwenye antena nayo inakatwa desibeli nane zilezile ikishuka, na yeye hana cha kukatwa.

Ungeweka ule waya mgumu wa nusu inchi wenye ganda la shaba la mawimbi mawimbi, mita 40 zinakula kama desibeli 1.1. Zile wati 37 zinafika juu zikiwa kama 29, na kurudi unaokoa desibeli karibu 7. Hiyo faida ya 7 inaingia pande zote mbili, hakuna mnara wala mashine itakayokupa hivyo kwa hela hiyo. RG-213 ni ya katikati, itakula 3 na kitu, afadhali kuliko mlichonacho ila kwa mnara mimi siiwekagi, ule wavu wake ukiingia maji unayanyonya mpaka chini kama utambi wa taa.

Sasa hiyo SWR ya 1.4, hapa ndo penye utamu na ndo panapowadanganya watu wengi. Fundi wako amepima chini, kwenye mwisho wa waya, si ndiyo? Chukulia antena imekatika kabisa kule juu, au konekta haijagusa, hakuna antena. Wati 37 zinaondoka, zikifika juu zimebaki 6. Hazina pa kwenda, zote zinageuka kurudi. Zikishuka zinakatwa tena desibeli 8, zinafika kwenye mita zikiwa hazijafika hata wati moja. Mita inaona 37 zimeenda na chini ya 1 imerudi, inapiga hesabu yake inakuambia 1.4. Umeelewa hapo? Kwa waya huo mita 40 usomaji wa 1.4 ndio usomaji wa mnara usio na antena! Sisemi antena yenu imekufa, Himo wasingekuwa wanaisikia safi, ila nasema hiyo namba haimwambii fundi chochote, waya mbovu unaificha antena mbovu. Antena nzima kwa waya huohuo ingetakiwa isome chini zaidi, kwenye 1.1 huko. Kwahiyo na antena yenyewe mimi nina wasiwasi nayo, labda imekatwa kwa masafa yale ya zamani, labda konekta ya juu ina maji.

Dawa yake ni kupima juu. Apande na NanoVNA, ni kidude kidogo cha kupimia antena na waya, siku hizi kila mtu anacho, aunganishe na kipande kifupi cha waya moja kwa moja kwenye antena, asome kwenye masafa yenu yote mawili, ya kurusha na ya kupokea, sio moja. Na ripita izimwe kabisa chini, swichi itolewe na mtu asimame hapo, maana mlinzi akibonyeza kitufe wakati mtu yuko juu kashika antena ataungua vidole. NanoVNA yenyewe inatoa nguvu ndogo sana haina madhara. Akishapima juu, afunge mwisho wa waya na lodi ya omu 50 (kizibo kinachomeza nguvu badala ya antena) halafu apime waya kutokea chini, hapo unajua antena peke yake ikoje na waya peke yake ukoje.

Tuje kwenye inafungua inakata. Hiyo ni dalili ambayo ukinisomea tu kwenye simu nakuambia ripita inajiziba masikio. Inakuwa hivi: mlinzi wa Himo anabonyeza, ishara yake hafifu inaifikia ripita, ripita inaisikia, inafungua, inaanza kurusha na wati zake 50. Ikirusha tu, nguvu na makelele ya kirushi chake yanavuja yanaingia kwenye kipokezi chake, ile ishara hafifu inazama, ripita inajua mtu ameacha kuongea, inafunga. Ikifunga makelele yanaisha, inamsikia tena, inafungua. Inazunguka hivyo mpaka mlinzi akate tamaa. Mjini hamuoni tatizo kwa sababu ishara za mjini ni kubwa, zinashinda makelele.

Kazi ya kuzuia huo uvujaji ni ya dupleksa, kale kasanduku au mitungi inayowezesha antena moja kurusha na kupokea kwa wakati mmoja. Kazi yake sio ndogo. Kipokezi kizuri kinasikia ishara ya mikrovolti 0.25, ukiilinganisha na wati 50 tofauti yake ni desibeli 166, yani moja imeizidi nyingine zaidi ya mara trilioni elfu kumi, na zote zinapita antena moja sekunde hiyohiyo. Dupleksa inachukua desibeli 75 mpaka 80 hivi, nyingine kipokezi chenyewe kinajitetea kwa kuwa masafa yamepishana. Na dupleksa inachuja kwa skrubu na fimbo za chuma zilizosogezwa kwa mkono mpaka zikakaa pale pale kwenye masafa ya kurusha na ya kupokea. Sasa nyie mmebadilisha masafa kwa kompyuta. Redio imehama. Dupleksa haina kompyuta, imebaki kwenye masafa aliyoiwekea muuzaji, na ndio maana nilivyosoma mstari wako ule nikasema hapa hapa.

Usiniamini mimi, pima, na hii haihitaji mashine za mamilioni. Tafuteni siku mlinzi mmoja akae Himo, au hata karibu zaidi akiwa na hendiseti ameiweka kwenye nguvu ndogo na amesimama sehemu ambayo ishara yake inayumba, abonyeze aendelee kuhesabu. Fundi awe kwenye ripita anasikiliza spika ya kipokezi huku kirushi kimezimwa kwenye programu. Asikilize, akariri ile mikwaruzo ilivyo. Halafu awashe kirushi. Mikwaruzo ikiongezeka au sauti ikipotea, ugonjwa umethibitika. Hapo achomoe waya wa kirushi toka kwenye dupleksa akichomeke kirushi kwenye lodi ya omu 50, kipokezi kibaki kwenye dupleksa, arudie. Kama bado kinaziba, basi uvujaji uko ndani ya mashine au kwenye vile vipande vifupi vya waya nyuma ya mashine, na hivi navyo mafundi wanavifunga na RG-58 ya wavu mmoja ambayo inavuja kama kikapu, weka yenye wavu mbili, RG-223 au RG-142. Kama kimepona, mtuhumiwa ni dupleksa au kitu kilichoko mbele yake, yani konekta, waya, antena, hata bolti yenye kutu kule juu ya mnara inaweza kuzalisha makelele ikipigwa na nguvu.

Halafu na hapa sasa unaelewa kwa nini wati 100 ni sumu. Dupleksa ni ileile, uvujaji unakuwa maradufu, ripita inaropoka zaidi na inasikia kidogo zaidi. Mimi nikikuta hali kama yenu huwa naishusha ripita mpaka wati 20 au 25 kwa muda, na mara nyingi watu wa mbali wanaanza kusikika siku hiyohiyo. Jaribuni leo, ni bure, ni kubadilisha namba tu kwenye programu.

Kuiweka dupleksa sawa sio kazi ya bisibisi na kubahatisha. Kile kidude cha NanoVNA kinaweza kuonyesha bonde la mchujo lilipo, liko kwenye masafa gani, ila likishazama chini ya desibeli 70 hivi chenyewe hakioni tena kinaona makelele yake, kwahiyo kwa kumalizia unahitaji spektramu analaiza (kifaa kinachoonyesha ukubwa wa ishara kwenye kila masafa) yenye jenereta yake au mtu mwenye mita ya kazi za redio. Kwa makampuni ya utalii pale Arusha yaliyojaa ripita za VHF mafundi wenye hivyo vifaa wapo, dupleksa inabebeka, ipakie kwenye gari ipeleke, usilazimishe ifanywe juu ya meza ya ofisi na redio za walinzi. Mkiweza na masafa yenu ya kurusha na ya kupokea yapishane vya kutosha ni raha zaidi, yakisogeleana sana hakuna skrubu itakayokuokoa, hilo mnaliangalia kwenye leseni yenu kabla hata hamjaanza.

Na leseni hongereni, nawaambia wengine mnaosoma, masafa "yaliyokuja na mashine" sio yenu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka uwe na leseni ya masafa, TCRA wana ofisi ya kanda hapo Arusha, na mnara mrefu unahitaji pia kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, Moshi pana kiwanja cha ndege usijifanye hukijui.

Kuna kitu hukuniuliza ila lazima nikiseme, ni mahali. Moshi mjini iko kwenye mita mia nane tisa hivi juu ya bahari na nyuma yenu kuna mlima wa mita 5,895. Antena ya mita 10 tu iliyofungwa kwenye eneo la mtu au taasisi huko juu Kibosho au Uru inaitazama tambarare yote, TPC, Kahe, Boma Ng'ombe, Himo, na inaushinda mnara wowote mtakaojenga nyuma ya ofisi. Kukodi nafasi kwenye mnara wa mtu kule juu mara nyingi ni rahisi kuliko chuma. Ila usimdanganye bosi kwamba itafika kila mahali, Rombo iko upande wa mashariki wa mlima, imejificha, hapo wati hazisaidii ni mpaka ripita nyingine, na mabonde ya Karanga na Weruweru mtu akishuka ndani anapotea. Wa Arusha nanyi ni hivyohivyo na Meru, ukiwa Njiro au Sakina unataka Ngarenanyuki ni kupoteza umeme. Na ukikodi mnara wenye redio ya FM juu yake, omba chujio la ziada mbele ya kipokezi, vile virushi vya kilowati vinapiga kipokezi chako ngumi.

Radi kidogo. Ukishanunua huo waya wa nusu inchi ganda lake lifungwe kwenye ethi juu karibu na antena, chini kabla haujapinda kuuacha mnara, na tena kabla haujaingia ndani, pamoja na kizuia radi hapo mlangoni. Kosa ninaloliona sana ni mnara una fimbo yake ya shaba peke yake, ofisi ina ethi yake ya TANESCO peke yake, hazijaunganishwa, fundi anasema ni salama zaidi. Sio salama. Radi ikipiga mnara unapanda volti, ofisi imebaki chini, na njia pekee iliyobaki kati yao ni waya wako wa antena kupitia ndani ya ripita. Ziunganishe kwa waya mnene. Viungio vyote vya nje vifungwe ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe halafu tepu nyeusi ya kawaida juu yake, na waya uachiwe tumbo kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke hapo. Masika ya huku hayana huruma, ukikuta ripita inakuwa mbovu mvua ikinyesha na inapona jua likiwaka usihangaike na programu, ni maji.

Betri usiisahau. Ripita ya wati 50 ikirusha inakula kama ampea 11, ikitulia chini ya moja. Kama inarusha dakika 12 kwa kila saa, betri ya ampea 100 ukitumia nusu yake tu ili isife mapema inakupeleka kama masaa 17 TANESCO wakikata. Na pima volti kwenye konekta ya ripita wakati inarusha, sio kwenye betri, nyaya nyembamba zinashusha 13.8 mpaka 11 na kitu halafu watu wanalaumu mashine.

Sasa kuhusu fundi. Sina ubaya naye, ila kazi ya kusimika ripita haiishi siku ambayo "haloo haloo" imeitikiwa. Msimalize kumlipa mpaka awape karatasi yenye namba: nguvu inayotoka redioni, inayotoka kwenye dupleksa, inayorudi toka kwenye antena, SWR iliyopimwa juu na iliyopimwa chini, kipokezi kinasikia mikrovolti ngapi kirushi kikiwa kimezimwa na ngapi kikiwa kimewaka (hii ndio muhimu kuliko zote, zikikaribiana dupleksa iko sawa), volti wakati wa kurusha, na toni mliyoweka ili wa jirani wasiwafungulie ripita. Karatasi ifunikwe nailoni ibandikwe ndani ya kabati la ripita. Mwaka ukipita mtu akisema "siku hizi haifiki", mnapima tena mnalinganisha, hamna ubishi. Na kikomo cha kurusha mfululizo kiwekwe dakika 3, mlinzi akikalia kitufe usiku asiwafungie wote.

Kwahiyo kwa bosi mpangilio ni huu, leo shusheni nguvu msikilize Himo, wiki hii pimeni dupleksa na antena, hela ya kwanza iende kwenye kuiweka dupleksa kwenye masafa yenu na waya wa nusu inchi na konekta zake, ya pili iende kuulizia nafasi huko mlimani. Bosi akija na habari za kuhamia dijitali kwa sababu muuzaji kamwambia "inafika mbali", dijitali nayo inapita kwenye dupleksa hiyohiyo na waya huohuo, tofauti ni kwamba badala ya mikwaruzo utasikia kimya.

Na mlinzi wa Himo mwambieni akiita aitoe redio kiunoni aishike mbele ya uso antena ikiwa imesimama wima, mwili unakula ishara vibaya sana, anaweza kukuokolea desibeli nyingi kabla hujatoa hata mia.